Makombo ya Wadudu

9 Machi

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza kuandika. Aliyenipa kazi hii ni binti yangu, kitinda mimba. Amesema hofu zikikaa kichwani zinazaana, afadhali niziandike ili mezani tuzungumze mengine. Mkwe wangu akacheka mpaka akashika tumbo, na mimi nikaogopa kwa jinsi alivyolishika.

Basi haya. Shule niliishia darasa la nne, na mwandiko wangu ni wa kuku aliyepita kwenye majivu, lakini msomaji ni mimi mwenyewe.

Hofu yangu ni moja, nyingine zote ni watoto wake. Mkwe ana mimba ya tatu, imetimiza miezi sita. Wale wawili wa kwanza walikuja mwezi wa saba, wakaja kimya, hawakulia. Hakuna aliyejua kwa nini. Mama yao hakuwa hata na mafua. Baba yao, mwanangu, ni dereva wa malori ya masafa, na mara zote mbili mimi ndiye niliyempigia simu akiwa njiani. Sasa ameniletea mkewe nimtunze mpaka ajifungue. Mwezi wa saba ndio huu tunaingia. Simu ya namna ile sitaki kuipiga tena.

11 Machi

Mvua. Mkwe kalala mchana kutwa. Nimefua peke yangu. Sikusema neno, sufuria zilisema kwa niaba yangu.

13 Machi

Leo nimeelewa kazi ya binti yangu, au nimeelewa kiasi cha kuunguza chakula.

Tunamwita Masizi, kwa sababu anarudi kutoka chuoni vidole vyeusi kama mchoma mkaa. Miaka yote hii nilijua anacheza. Wenzake wanaolewa, yeye anapaka masizi kwenye plastiki. Anatandaza wino wa mkaa juu ya kitambaa chenye matundu madogo, anaukwangua kwa mpira, kama wale wanaochapa maneno kwenye fulana, na chini yake inabaki mistari mitatu myeusi. Kisha anakata vipande vyembamba kama kucha ndefu. Nilikuwa nikijiuliza, ndicho alichosomea hiki?

Leo chumba chao cha chuo kimevuja, akaja na trei zake zikaukie chumbani kwangu, juu ya kabati, kwenye joto. Nikamwuliza Masizi, hivi vitu hasa ni nini. Akakaa chini, jambo ambalo hulifanya mara chache.

Akasema ni vipimo vya maambukizi ya mkojo. Yapo, akasema, yanayomshika mama mjamzito bila kumuuma, bila kumuwasha, anapika, anacheka, na huku yanapanda taratibu mpaka kwenye figo, na siku moja yanamsukuma mtoto nje kabla ya wakati. Hospitali wanayajua kwa kuotesha mkojo kama mbegu, siku mbili tatu. Kliniki yetu hawana vifaa vya kuotesha. Hiki chake kinagharimu bei ya kiberiti, na jibu ni la siku ile ile.

"Wadudu wenyewe hatuwaoni," akasema. "Tunawawekea unga wanaoupenda. Wakiwepo watautafuna, na makombo yao yakigusa masizi yanatoa umeme. Sisi tunapima umeme wa makombo."

Nikasema, kumbe ni kama panya, humwoni, asubuhi unakuta makombo. Akasema ndiyo, ila panya hawa wanaenea elfu moja kwenye tone na bado wana nafasi ya kucheza ngoma.

Akachukua kipande kimoja alichokileta kimeshakatwa, akakichomeka kwenye kidude kinachounganishwa na simu yake. Alikuwa na kichupa cha makombo matupu, yaliyotengenezwa, hayana mdudu. Akadondosha tone moja. Kwenye simu, namba ikaamka. Ikapanda, ikapanda, ikatulia. Hakuna taa iliyowaka, hakuna kilicholia. Tone la maji limekaa juu ya masizi, na masizi yanasema kilichomo. Nilijikuta nimeshika mdomo. Mkwe akaja kuangalia, naye akashika mdomo. Tukawa kama majirani kwenye ajali, ila tulikuwa tunaangalia muujiza.

Chakula kikaungua, tukala hivyo hivyo.

15 Machi

Mvua tu. Mkwe analalamika mgongo. Nimemkanda kwa mafuta vuguvugu mpaka akasinzia. Kisha nikazigeuza plastiki za Masizi, moja moja, zikauke pande zote. Nazisemesha kama vifaranga. Mtu akinisikia atasema nimeanza wazimu.

16 Machi

Nimemkanda tena. Nimezigeuza tena. Masizi amezikata jioni, akazipeleka kliniki.

18 Machi

Siku ya kliniki ya mkwe. Nesi wa pale namwogopa kidogo: hasalimii, anakagua. Nimezoea kumwita Mama Foleni, kwa siri. Msimu huu anamsaidia Masizi. Kila mjamzito anayekubali anatoa mkojo, nusu unakwenda kwenye kipimo, nusu unavuka mto kwenda hospitali kuoteshwa. Mvua ikiisha watalinganisha. Mpaka hapo, Masizi anasema, neno la kipimo si neno la kumtibia mtu.

Tukasubiri unga utafunwe. Mimi vidole vyote nimevifungia kwenye khanga. Nesi akadondosha. Namba ikajitikisa chini kule, ikakaa. Akasema, "Huyu hana kitu."

Nililia pale pale mbele ya watu. Nesi akanipa kiti, akasema nikae nilie vizuri, nisiwazibie wengine njia.

Ile nusu ya pili haikwenda. Mto umefunika daraja tangu asubuhi, pikipiki ya hospitali imerudi. Masizi amemwambia wifi yake, maji yakipungua uende ukapimwe kule, hiki changu bado ni mwanafunzi. Nimemsikia. Lakini mwanafunzi huyu nimemwona kwa macho yangu akisoma kisichoonekana. Nani atamsahihisha?

Nimempigia mwanangu kumwambia. Amepiga honi ya lori mpaka nikaondoa simu sikioni.

20 Machi

Mvua. Mkwe kalala.

21 Machi

Mkwe kalala. Mgongo, anasema. Nikamwambia mgongo ni wa mimba, mimi nimebeba wawili na maji nimechota. Kipimo si kimesema?

24 Machi

Daraja limefunguka jana. Masizi akauliza kama wifi amekwenda hospitali. Nikajibu mimi kabla yake, kwamba njia ni matope tupu, na safari ya nini kwa mtu ambaye hana kitu? Mkwe alikuwa anataka kusema jambo, akaona uso wangu, akaliacha.

Anakula kama ndege. Amekuwa mvivu hata wa kutafuna.

27 Machi

Majibu ya hospitali ya wale waliopimwa baada ya maji kupungua yamekuja. Wanawake watatu ambao kipimo kiliwaita safi si safi. Wadudu wameota tele.

Masizi ameingia ndani hajavua viatu. Hajala. Nilimwambia watatu si wengi. Akasema kwa upole, "Mama, ni watu." Nikamfunikia chakula chake.

28 Machi

Nitaandika yote.

Asubuhi Masizi hakwenda chuoni. Alikaa mezani na vipimo vya aina mbili: vya zamani, alivyotengeneza kabla ya mvua, na hivi vilivyokaukia kwangu. Kila plastiki huwa anaijaribu kipande kimoja kabla ya kuianika, na zote zilikuwa zimeona vizuri. Sasa vipimo vimepofukia wapi? Nikamletea chai, nikasimama nyuma yake. Hakuniona.

Akachukua maji safi kwa bomba dogo. Akadondosha tone kwenye kipande cha zamani. Tone likalala, likatanda juu ya masizi kama mtu aliyefika kwake. Akadondosha kwenye kipya. Tone likasimama. Likawa duara, likatetemeka, likateleza pembeni. Akajaribu kingine, likakataa. Kingine, likakataa.

Mimi ninalijua tone la namna ile. Nimeliona kila siku ya maisha yangu, kwenye sufuria ambayo haijasuguliwa vizuri. Nikatazama mikono yangu.

Nikasema, "Masizi, ni mafuta. Ni mimi."

Nikamweleza. Mgongo wa mkwe, mafuta vuguvugu, kisha plastiki, moja moja, pande zote. Niliona nimefanya kazi nzuri. Nilikuwa nimeyaziba masizi yote yasiguswe na makombo. Wadudu walitafuna wakashiba, na umeme haukupata pa kupita.

Masizi hakunigombeza. Aliziba uso kwa viganja, akakaa hivyo. Afadhali angenigombeza.

Mkwe alikuwa mlangoni. Hatukujua amesimama pale tangu lini. Ameshika fremu ya mlango kama mtu aliye kwenye gari linalokwenda kasi.

"Kwa hiyo mimi," akasema, "niko safi, au hatujui?"

Mvua ilikuwa inapiga bati. Sisi wawili tulimwangalia, na ndipo nilipomwona. Wiki tatu nimekaa naye nyumba moja, nimemwona leo. Midomo imekauka. Macho yamezama. Nikamgusa shingo, moto. Huyu hakuwa mvivu. Alikuwa anaungua polepole mbele yangu, na mimi nagonga sufuria.

Masizi akachukua kikombe. Mkojo ukatoka kidogo, na mkwe akakunja uso. Unga ukawekwa. Tukakaa watatu mezani kuusubiri utafunwe. Mkwe alikuwa akinyamaza mara kwa mara kwa namna ya ajabu, namna ya kunyamaza ndani ya ukimya, na mkono uko chini ya tumbo. Ninaijua namna hiyo. Nimezaa.

Kisha Masizi akadondosha tone kwenye kipande cha zamani. Likalala. Namba ikaamka.

Siku ile nilipoona namba ikipanda nilishangaa kama mtoto. Leo ilipanda vile vile, bila sauti, bila haraka, ikapita pale ilipotulia siku ile, ikaendelea, na mimi nilishangaa kwa mshangao mwingine, ule wa mtu anayeona kifuniko kimeinuliwa. Walikuwamo. Siku zote hizi walikuwamo, wanakula, wanaongezeka, kwenye mwili ninaoukanda kila jioni. Na huenda ndio waliokuja kwa wale wawili wa kwanza. Sisi tulisema ni mapenzi ya Mungu, tukanyamaza, kumbe hapakuwa na mtu wa kuhesabu makombo.

Masizi akasimama. "Mama, chukua khanga mbili. Wifi, tunakwenda sasa hivi."

Jirani yetu Fundi Bomba ana gari la wazi nyuma. Nilimkuta anapakia mabomba, nikamwambia maneno matatu, akayamwaga mabomba barabarani. Tukamweka mkwe mbele, mimi na Masizi nyuma chini ya turubai. Darajani maji yalikuwa yanapita juu tena, mekundu, yanavuta matawi. Fundi Bomba akashuka, akaingia mpaka magotini, akapapasa ukingo wa zege kwa mguu, akarudi. Nikamwuliza tutapita? Akasema, "Mama, mimi riziki yangu ni maji. Hayawezi kuniaibisha mbele ya wageni." Akafunga mkanda, akaufungua, akaufunga tena. Tukapita.

Hospitali daktari alikuwa mwanamke mdogo, umri wa Masizi. Akamshika mkwe tumbo, akatazama saa, akamgusa mgongoni upande wa figo. Mkwe akapiga ukelele. Daktari akauliza nani amewaambia ni mkojo. Nilidhani Masizi atajidai. Akasema ni kipimo chetu kimesema, lakini kilishakosea kwa watu watatu, usikiamini, otesheni wenyewe. Daktari akamtazama kidogo. Akasema ataotesha, ila kwa homa hii na mgongo huu hasubiri mbegu ziote. Dripu ikaingia pale pale, na dawa ya kutuliza uchungu wa uzazi.

Naandika nikiwa kwenye benchi la wodi. Uchungu haujakoma.

29 Machi

Haujakoma. Umeachana kidogo.

30 Machi

Umekoma. Mtoto anacheza. Nimeweka mkono, amenipiga teke.

31 Machi

Mbegu zimeota. Wadudu ni wale wale ambao kipimo hutafuta makombo yao. Nikaomba nionyeshwe. Mtu wa maabara akacheka, akasema hajawahi kuombwa hivyo na bibi, akaniletea kisahani chenye kifuniko, nisifungue. Ndani vidoa vingi, vya duara, vizuri kabisa, kama mtu amepamba. Kila kidoa, akasema, kilianza na mdudu mmoja. Nikakitazama muda mrefu. Sikuweza kukichukia. Niliogopa tu, kama unavyoogopa anga likiwa na nyota nyingi mno.

Masizi hakufurahi. Alisema kipande kimoja kusema kweli siku moja si ushahidi, na wale watatu bado ni watu.

2 Aprili

Mkwe ameanza kula. Nikamwambia nilichokuwa nacho moyoni, kwamba nilimwona mvivu. Akatafuna taratibu, akameza.

"Mama, sufuria zako nilizisikia," akasema. "Hata baba watoto nadhani alizisikia huko aliko."

Tukacheka mpaka nesi wa wodi akaja kutunyamazisha. Mkwe huyu, sikujua kama ni mcheshi. Mwaka wa nne huu yumo katika ukoo wetu.

5 Aprili

Wale watatu wameshaanza dawa. Lakini wapo wengine waliopimwa kwa vipimo vyangu vipofu siku ambazo daraja lilikuwa limefungwa, na nusu yao ya pili ilimwagwa. Masizi na nesi wa kliniki wamekubaliana watafutwe wote wapimwe upya. Nikasema nitakwenda, mafuta yalikuwa yangu.

Kwa hiyo leo nimetembea na Mama Foleni kwenye matope, nyumba kwa nyumba. Nilidhani atanisema njia nzima. Alikuwa amevua viatu, amevishika mkononi, na kila mlango alijua mama anaitwaje, amezaa mara ngapi, nani ana presha. Hasalimii kwa sababu anakumbuka mengi mno. Nikamwambia kwamba nilikuwa namwita Mama Foleni. Akasema anajua, ila wengine wana jina baya zaidi, na hakunitajia.

Nyumba ya mwisho tulimkuta mama anapepeta mchele anaimba. Akasema haumwi popote. Kweli, alikuwa anang'aa. Akanung'unika, lakini akatoa mkojo, tukarudi nao kliniki.

Namba imepanda.

9 Aprili

Yule mama aliyekuwa anaimba, hospitali imethibitisha. Ameanza vidonge. Leo alinipita sokoni, akanisalimu juu juu kama mtu aliyesumbuliwa bure. Nilisimama nikamwangalia akienda na kapu lake. Atazaa, mtoto atakua, na hatajua kamwe alichokipita. Jambo kubwa kuliko yote niliyoyaona msimu huu halikuonekana, maana halikutokea.

10 Aprili

Masizi ameanza upya. Sasa trei hazikanyagi nyumbani. Ameongeza na mstari wa nne, wa kupima kama kipande chenyewe kinaona kabla ya kuulizwa habari za mtu. Nikasema pole kwa kazi. Akasema mstari huo ulitakiwa uwepo tangu mwanzo, mikono yangu iliwahi tu kumwonyesha.

14 Aprili

Mkwe karudi nyumbani. Mvua.

26 Aprili

Mwezi wa nane. Hatujazungumza, lakini asubuhi mimi na mkwe tulitazamana mezani, kila mmoja akajua mwenzake anajua.

3 Mei

Mvua imekatika nusu siku. Nimeanika kila kitu hadi magodoro.

17 Mei

Masizi ameniambia vipimo vya mstari wa nne vimekubaliana na hospitali wiki tatu mfululizo, isipokuwa kwa mama mmoja. Badala ya kufurahia wale wote, amekaa na yule mmoja kichwani. Nimempikia. Nilikuwa nasema huyu mtoto ana kichwa kigumu. Bado nasema, lakini sasa nasema nikiwa nimesimama, kama mbele ya mkubwa.

1 Juni

Hakuna mvua. Anga jeupe.

Mkwe amejifungua leo kabla ya adhuhuri, hospitali, mtoto wa kike. Nilikuwa nje ya mlango, Masizi kaniegemea begani kama alivyokuwa mdogo. Ndani kulikuwa na sauti za watu wazima tu, kisha zikaacha. Masizi akanishika mkono kwa kucha. Halafu mtoto akalia. Alilia kwa hasira, kama mtu aliyecheleweshwa. Masizi alikaa chini sakafuni, yeye na usomi wake wote, akalia naye.

Walipotuingiza nilimpokea mtoto. Mzito. Nikasogea naye dirishani penye mtandao, nikampigia baba yake.

Alipoona ni mimi hakusema halo. Nilisikia lori linavuta pembeni, kisha injini ikazimwa. Akasema, "Mama, sema."

Nikamwambia msichana, mzima, na mama yake mzima anadai chai.

Akauliza, "Amelia?"

Nikasema amelia mpaka wodi ya pili wamejua. Akasema anataka kumsikia. Lakini mtoto alikuwa ameshalala, na kumwamsha mtu wa saa moja duniani ili alie, mimi siwezi. Nikamwambia subiri. Nikaweka simu karibu na pua yake, asikilize pumzi.

Upande wa pili kukawa kimya. Nilidhani imekatika. Nikaisogeza sikioni, nikasikia malori ya wenzake yanampita, moja, jingine. Nikairudisha puani pa mtoto.

Alikaa hivyo muda mrefu. Mkono ukaanza kuniuma, nikabadilisha mkono.